Mwajiri Hajatangaza Nafasi: Umwendee Vipi?

Wasomaji wanaotafuta kazi wamekuwa wakirudia swali moja. Fundi umeme aliyemaliza VETA anauliza kama kuna maana ya kupeleka barua kwenye kiwanda ambacho hakijatangaza nafasi. Mwalimu wa hisabati anataka kujua kama shule binafsi itampokea akijitokeza bila kuitwa. Mhitimu wa uhasibu ametuma maombi mtandaoni hadi amechoka, hajajibiwa, na sasa anafikiria kwenda kubisha hodi mwenyewe. Jibu langu kwa wote ni ndiyo, nendeni, ila kwa sharti: usiende kuuliza kama kuna kazi. Nenda ukiwa umeshajua ni shida gani ya mwajiri huyo unayoweza kuiondoa, na mkononi uwe na kitu cha kumthibitishia. Anayekwenda bila mambo hayo mawili hurudi na jibu lilelile, "acha barua yako mapokezi", na barua hiyo haisomwi.

## Kwa nini kuna kazi zisizotangazwa

Nafasi ya kazi huanza mapema sana kabla ya tangazo, na huanza kama kero. Mashine ya kufungashia inasimama kila usiku kwa sababu zamu hiyo haina fundi wa umeme. Ritani za kodi zinachelewa na mwenye kampuni anatozwa adhabu. Mwalimu wa hisabati ameshasema ataondoka Desemba. Katika siku hizo mwajiri hajaandika sifa za mtu anayemtaka wala hajapanga mshahara. Ana jambo linalomkera tu. Wengi, hasa wenye biashara ndogo na za kati, hawafiki kwenye kutangaza kabisa, maana tangazo moja huleta rundo la barua ambalo hawana mtu wa kulisoma, na hata wakilisoma hawajui nani anasema kweli. Huwageukia wafanyakazi wao na kuuliza kama wanamfahamu mtu. Anayejitokeza wakati huo, akaitaja kero ileile na kuonyesha kwamba anaiweza, anampunguzia mwajiri kazi ya kutafuta na kazi ya kuchuja kwa mkupuo mmoja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu wanaume wenye kazi za kitaalamu, za kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, Massachusetts, alikuta kwamba zaidi ya nusu yao walipata kazi kupitia watu, na karibu mmoja kati ya watano alijipeleka moja kwa moja kwa mwajiri. Unaweza kusema hiyo ni Marekani ya zamani na haituhusu. Basi tazama Addis Ababa, ambako watafiti waliwapa vijana wa kundi moja nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi, na vijana wa kundi jingine wakawapa warsha ya kuandika maombi na kufanya usaili, pamoja na cheti cha kupima uwezo wao. Miaka minne baadaye waliopitia warsha walikuwa na kipato kikubwa zaidi, ilhali faida ya nauli peke yake ilikuwa imeisha. Nauli hukufikisha getini, lakini linaloamua ni kama ukishaingia unaweza kumwonyesha mwajiri unachokijua.

## Mahali pa kwenda, na mahali pa kuacha

Serikalini njia hii haifai. Ajira za utumishi wa umma Tanzania hutangazwa, na maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, yaani Ajira Portal. Kupeleka bahasha halmashauri au wizarani ni kupoteza siku, na anayekuahidi kukupitisha mlango wa nyuma anataka pesa yako. Benki kubwa, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa nayo yana taratibu za ndani zinazomfunga mikono hata meneja aliyekupenda. Kule omba kwa mfumo wao. Nguvu zako zipeleke kwa mwajiri ambaye anayeiona shida ndiye huyohuyo anayeweza kuamua, au anafanya kazi mlango wa pili kutoka kwa anayeamua:

- viwanda vya kati, karakana na gereji;
- hoteli, kambi za watalii na migahawa;
- shule, zahanati na maabara binafsi;
- kampuni za usafirishaji na mawakala wa forodha;
- ofisi ndogo za uhasibu na makandarasi wanaopewa vipande vya kazi na kampuni kubwa;
- wasambazaji wa bidhaa za jumla.

## Tengeneza orodha yako

Andika majina ya waajiri ishirini hadi thelathini, na mbele ya kila jina kero unayodhani anayo. Usipoweza kuijaza nafasi hiyo ya pili, hujawa tayari kwenda kwake. Majina hayapatikani kwenye intaneti peke yake. Soma anwani kwenye vifungashio vya bidhaa zinazouzwa dukani mtaani kwako. Pita barabara za viwanda ukiandika majina yaliyo kwenye vibao: kwa Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere, Mikocheni na Ubungo zinakutosha kuanzia. Nenda Sabasaba mwezi Julai na Nanenane mwezi Agosti kwa nia ya kazi, maana kwenye mabanda utawakuta mafundi na wasimamizi ambao siku nyingine wako nyuma ya geti. Ongea na madereva wanaopakia mzigo na mama lishe wanaowauzia wafanyakazi chakula. Hao wanajua lini zamu imeongezwa, nani ameacha kazi na bosi yupi anafikika, mambo ambayo tovuti ya kampuni haiandiki.

Panga ziara kwa eneo, waajiri wanne au watano wa njia moja kwa siku moja, kwa sababu nauli ndiyo inayowamaliza wengi kabla matokeo hayajaanza kuonekana.

## Nenda kabla ya msimu

Kosa linalowagharimu watu wengi ni kufika mwajiri akiwa ameshajaza watu, au akiwa na kazi nyingi kiasi cha kukosa muda wa kumsikiliza mgeni. Karibu kila shughuli ina kalenda yake, na anayeijua hufika wakati watu wanapangwa. Utalii wa kaskazini hupamba moto kuanzia Juni hadi Oktoba, na wakati wa masika, Aprili na Mei, kambi nyingi hufungwa au hufanya matengenezo. Mpishi, mhudumu au fundi anayebisha hodi Machi au Aprili ana nafasi nzuri kuliko anayekuja Julai. Zanzibar inafuata mkondo huohuo, na huongeza kilele kingine mwishoni mwa Desemba. Shule huanza mwaka Januari, hivyo mwalimu afike kati ya Septemba na Novemba, wakati wenye shule wanahesabu nani anabaki na nani anaondoka. Mtwara na Lindi minada ya korosho huanza Oktoba, na maghala hutafuta wapimaji, makarani na wapakiaji kabla ya hapo. Viwanda vya sukari husimama kipindi cha mvua kwa ajili ya matengenezo, na hapo ndipo wachomeleaji na mafundi mitambo huhitajika kwa wingi. Kampuni inayofunga hesabu Desemba hutakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka ndani ya miezi sita, kwa hiyo ofisi za uhasibu hulemewa katika nusu ya kwanza ya mwaka. Mhasibu kijana ajitokeze Novemba au Januari, na asisubiri Juni.

Kama fani yako haimo humo, muulize mtu yeyote anayeifanya ni miezi ipi hawapumui, kisha rudi nyuma miezi miwili.

## Nani wa kumwona, na saa ngapi

Watu wengi hukimbilia kwa afisa rasilimali watu. Si vibaya, lakini kazi yake ni kujaza nafasi zilizokwisha kuidhinishwa, na wewe unaizungumzia nafasi ambayo haijafika mezani kwake. Mtafute kwanza anayeumizwa na pengo: fundi mkuu, msimamizi wa zamu, mkuu wa jiko, mhasibu mkuu, mwalimu wa taaluma. Huyo akikuhitaji, yeye mwenyewe atakupeleka kwa afisa rasilimali watu. Jina lake lipate mapema kwa kupiga simu mapokezi na kuuliza kwa adabu barua ya mambo ya uzalishaji iandikwe kwa nani.

Mlinzi wa getini msalimie kwa heshima na umweleze ukweli. Kudanganya kwamba una miadi hugundulika baada ya dakika mbili na kukufungia mlango huo kwa muda mrefu. Sema: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, ni fundi umeme. Naomba kumwona fundi mkuu kwa dakika chache. Kama hana nafasi leo, nisaidie kujua saa anayopatikana." Ukiambiwa urudi kesho saa nne, rudi kesho saa nne.

Saa nazo zina maana yake:

- mgahawa au jiko la hoteli: alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja;
- kiwanda: saa moja hivi baada ya zamu kubadilishana;
- ofisi ya mhasibu: katikati ya mwezi, kamwe isiwe siku za mishahara;
- shule: baada ya vipindi, na isiwe wiki ya kufungua;
- popote: epuka asubuhi ya Jumatatu, na mchana wa Ijumaa pale ambapo wenyeji wanakwenda kuswali.

## Maneno ya kuandika

Barua ndefu ya "ninayo heshima kubwa kuwasilisha ombi langu la nafasi yoyote ya kazi" haimpi mwajiri la kufanya, kwa kuwa nafasi yoyote ni sawa na hakuna nafasi. Ujumbe wa WhatsApp au barua ya nusu ukurasa inatosha. Huu ni mfano wa fundi:

"Habari za kazi, Mheshimiwa. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, nimemaliza ngazi ya tatu VETA. Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi mitatu kwenye kiwanda cha maji ya chupa, nikibadilisha motori na kurekebisha paneli. Nimeona magari yenu sasa yanapakia hadi usiku, nikahisi huenda mmeongeza zamu. Zamu ya usiku ninaiweza. Naomba dakika kumi nikuonyeshe kazi nilizofanya, Jumanne au Jumatano, saa itakayokufaa. Aliyenisimamia mafunzoni yuko tayari kupigiwa simu. Asante."

Angalia ujumbe huu unavyokwenda. Unamtaja mtu kwa anachokiweza, unaonyesha kwamba ameitazama kampuni hii na si nyingine, unaomba jambo dogo lililo rahisi kukubalika, na unatoa njia ya kuhakikisha. Hauelezi shida za nyumbani. Najua shida hizo ni za kweli na ndizo zinazokusukuma, lakini zinamfanya mwajiri akuonee huruma, na mtu anayekuonea huruma atakupa nauli ya kurudi, hatakukabidhi mashine yake.

Makosa yanayoonekana mara nyingi:

- kutuma ujumbe mmoja kwa waajiri wengi, jina la kampuni nyingine likiwa bado limo ndani;
- wasifu wa kurasa nne wenye dini, kabila na namba ya kitambulisho cha taifa;
- picha za vyeti zilizopigwa kizani zisizosomeka;
- kutuma sauti ya dakika tatu kwa mtu asiyekujua;
- kusema "mimi kazi yoyote nafanya".

## Kitu cha kumthibitishia

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Nchini Afrika Kusini watafiti walijaribu kuambatisha barua ya mwajiri wa zamani kwenye maombi ya watafuta kazi, na maombi yenye barua hiyo yalijibiwa zaidi kwa takriban asilimia 60. Barua ya namna hiyo haikugharimu chochote ila ujasiri wa kuiomba. Iombe kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, kwa mwenye gereji uliyemsaidia wakati wa likizo, hata kwa mwenye nyumba uliyemfungia umeme, mradi aandike kazi uliyofanya, muda, na namba ya simu anayopokea. Kisha ongeza ushahidi unaoonekana. Fundi awe na picha za kazi kabla na baada, kwenye simu, zikiwa zimepangwa. Mwalimu awe na andalio la somo moja na mtihani alioutunga. Mhasibu awe na jedwali la hesabu za biashara ya kubuni lililokamilika hadi mizania. Mpishi anaweza kuomba kupika chakula kimoja. Nakala za vyeti zifuate baada ya hapo.

## "Lakini kazi ni za kujuana"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na lina ukweli ndani yake. Wapo wanaoajiri shemeji asiyejua kitu. Hata hivyo, tukilichunguza vizuri, mara nyingi mwajiri anayemtaka mtu aliyetajwa na mfanyakazi wake anatafuta dhamana: awepo mtu wa kusema huyu haibi, anafika kwa wakati, hatatoweka baada ya mshahara wa kwanza. Dhamana hiyo unaweza kuileta bila kuwa na mjomba ndani. Barua yenye namba ya simu ni dhamana. Kurudi saa uliyoambiwa ni dhamana. Kazi inayoonekana kwa macho nayo ni dhamana.

Tena, watu unaowajua ni wengi kuliko unavyodhani. Granovetter alikuta kwamba waliopata kazi kupitia watu walisaidiwa mara nyingi na watu wanaoonana nao mara chache, siyo ndugu na marafiki wa kila siku, kwa sababu wa karibu wanajua habari zilezile unazozijua wewe. Basi wapigie uliosoma nao wakapotea, mkufunzi wa zamani, jirani aliyehama, mwenzako wa kwaya au wa madrasa. Usiwaombe kazi. Waulize: "Kazini kwenu mafundi wa umeme wanasimamiwa na nani, na je, usiku mna mtu?" Swali dogo kama hilo mtu hulijibu bila kujiona amebebeshwa mzigo.

## Wakikuambia ufanye bure kwanza

Wengine wanaogopa njia hii kwa sababu itaonekana kama kujitolea bila mwisho, na hofu yao ina msingi. Kuna waajiri wanaowazungusha vijana kwa "majaribio" miezi na miezi. Dawa yake ni kutaja kipimo wewe mwenyewe, mapema: siku mbili au tatu, kazi iliyotajwa, posho ya nauli na chakula, na siku ya kuzungumza. "Nipe siku tatu niishughulikie mashine hiyo, Ijumaa tukae tuone." Ijumaa ikipita bila mazungumzo, shukuru uondoke. Mhitimu anayehitaji uzoefu wa miezi kadhaa ni heri aulizie mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ambayo yana utaratibu na muda unaojulikana.

## Kufuatilia bila kuchosha

Andika daftari: nani, lini, alisema nini, nirudi lini. Utafiti mwingine wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba watafuta kazi waliosaidiwa kuandika mpango wa kina wa utafutaji wao walipata kazi zaidi, ingawa hawakutumia saa nyingi zaidi kutafuta. Baada ya kuonana na mtu, mtumie shukrani siku hiyohiyo, mistari miwili. Baada ya wiki moja kumbusha mara moja, na ikiwezekana uongeze jipya, kama picha ya kazi uliyomaliza juzi. Kimya kikiendelea, mwache miezi miwili hadi mitatu, kisha mrudie karibu na msimu wake. Kupiga simu kila siku hakuonyeshi bidii. Kunamfanya mtu aifiche namba yako. Orodha yote ikipita bila hata mtu mmoja kukuita, tatizo huenda liko kwenye ujumbe au kwenye ushahidi, kwa hiyo badilisha hivyo kabla ya kuongeza majina.

## Maonyo

- Usitoe pesa ya fomu, sare, kipimo cha afya wala "mafunzo ya awali" ili upewe kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi.
- Vyeti halisi usimwachie mtu. Onyesha, kisha acha nakala.
- Mwajiri akikutaka kimapenzi ili akupe kazi, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe aliokutumia na uipigie TAKUKURU namba 113, ambayo ni bure.
- Usaili nyumbani kwa mtu au hotelini chumbani, usiende. Miadi ya eneo geni mwambie ndugu mahali na saa.
- Kazi ya nje ya nchi inayotolewa kwa haraka na mtu uliyekutana naye getini, iulizie kwanza TaESA.

## Ukikubaliwa

Furaha ya kuitwa isikusahaulishe maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa za kazi na malipo. Aliyeajiriwa bila tangazo ana sababu zaidi ya kuyadai, kwa kuwa hakuna tangazo la kurejea mkibishana baadaye kuhusu mshahara au majukumu. Huhitaji kugombana. Siku mliyokubaliana, mwandikie ujumbe: "Asante kwa nafasi. Nimeelewa naanza Jumatatu, zamu ya usiku, kwa malipo tuliyotaja ya kiasi hiki kwa mwezi, nasubiri barua." Taja kiasi chenyewe. Akijibu "sawa", una la kuonyesha hadi barua itakapokuja. Uliza pia kama utaandikishwa NSSF na kuanzia mwezi gani, kisha baada ya miezi miwili hakikisha mwenyewe kwamba michango inaingia.